Je, Wajua? Jeshi la Kiganjani na Wapagazi Waliosahaulika

Je, wajua kwamba mtu mwenye kimo cha mita 1.70, akitengenezwa kwa kipimo cha 1:72, hafiki milimita 24? Ndani ya milimita hizo fundi anatafuta kofia, mkanda, mikoba ya risasi, singe na, kama mkono wake umetulia, nyusi. Ndicho kipimo cha askari wengi wa plastiki wa bei nafuu, wale wanaouzwa kundi zima ndani ya boksi moja.

Wapo pia wakubwa zaidi wa 1:35, na chanzo chao ni betri. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Panther chenye mota, kikafanywa kikubwa kiasi cha kuingiza betri tumboni. Hesabu ikaangukia karibu 1:35, watengenezaji wengine wakafuata, na mpaka leo askari wa milimita 49 hivi anasimama kando ya vifaru vya ukubwa huo.

Na wale wa milimita 54? Hao walikuja na reli. William Britain wa London alipoanza kuuza askari wake mwaka 1893 aliwapa kimo cha kulingana na treni za kuchezea zilizokuwa tayari majumbani. Ujanja wake mkubwa ulikuwa wa uhunzi: risasi iliyoyeyuka ilimiminwa kwenye kalibu, ikaganda pembeni, kisha iliyobaki katikati ikamwagwa nje kabla haijashika. Askari akatoka mtupu ndani, mwepesi, wa bei ya chini. Wajerumani waliokuwa wakitawala soko kwa askari wao wa risasi iliyojaa ndani walijikuta na mshindani asiyekuwepo jana yake.

Je, wajua kwamba Afrika ilikuwa na majeshi madogo yaliyopakwa rangi kabla Ulaya haijafikiria jambo hilo? Katika kaburi la mtawala Mesehti huko Asyut, Misri, kulikutwa vikosi viwili vya mbao vyenye umri wa miaka 4,000 hivi: Wamisri 40 wenye mikuki na wapiga mishale 40 wa Nubia, wote wakitembea kwa safu za wanne wanne. Leo wamo katika makumbusho ya Cairo. Wamisri wamepakwa kahawia ya kuelekea wekundu, Wanubi wamepakwa weusi zaidi, na ngao zimechorwa mabaka kama ya ngozi ya ng'ombe, kila ngao na mabaka yake. Vimo vyao vinatofautiana. Fundi yule hakutoa nakala 40 za mtu mmoja. Alichonga watu 40. Ukitaka kujua kazi ya kubadili visanamu inatafuta nini, jibu liko pale.

Asyut na Kigali zinaungana kwa maji. Mvua inayonyesha Gisozi, kwenye vilima vya Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, huteremka bonde la Nyabugogo, mto unaotoka Ziwa Muhazi. Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo hulisha Akagera, Akagera humwaga Ziwa Victoria, na kutoka hapo ni Nile. Maji yanayopita chini ya karakana za Gisozi ndiyo hayo yanayokwenda upande wa Asyut.

Na karakana zipo nyingi. Agakiriro ka Gisozi ni soko la maseremala na wachomeleaji ambalo kila mtu Kigali anayetaka kitanda, mlango au kabati amewahi kulifikiria. Msumeno unausikia kabla hujaona mbao. Kwa anayepaka askari wa milimita 24, soko hilo ni ghala la vifaa ambavyo kwingineko duniani wapenzi wa kazi hii huvinunua kwenye vikopo vidogo kwa bei ya kuumiza.

Gundi nyeupe ya mbao, kwa mfano. Wajua kwamba plastiki laini ya visanamu vya bei nafuu, ile inayopinda bila kuvunjika, ni ya jamii moja na mifuko na ndoo, na haipendi rangi? Unapaka leo, kesho bunduki ikipindwa kidogo rangi inabanduka vipande vipande. Dawa ina hatua mbili. Kwanza osha visanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta yaliyovisaidia kuchomoka kwenye kalibu. Kisha, kabla ya rangi, paka utando mwembamba wa gundi nyeupe iliyoongezwa maji. Ikikauka inakuwa ngozi inayonyumbuka pamoja na plastiki, na rangi inapata mahali pa kushika.

Unga wa mbao nao huufagii ukautupa. Chekecha kwa kipande cha soksi nyembamba ya zamani, nyunyiza juu ya gundi mbichi kwenye kitako cha kisanamu, paka kahawia, na umepata ardhi. Udongo mwekundu wa kilima chenyewe unafaa vilevile ukichekechwa, lakini uongezewe rangi nyepesi. Kitu kidogo hupokea mwanga mchache kuliko kikubwa, na rangi ile ile iliyo sahihi kwenye gari la kweli huonekana nzito kwenye gari la kiganjani. Wapakaji wazoefu huongeza nyeupe au manjano ya udongo kidogo kidogo mpaka jicho likubali.

Machicha ya kahawa yanatoa changarawe za msituni. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yanatoa majani yaliyodondoka mitini. Yakaushe juani siku nzima kwanza, la sivyo mwezi ujao jeshi lako litakuwa limeota ukungu.

Neno moja la usalama, na nalisema kwa uzito. Unga wa mbao, tina na vanishi hushika moto upesi. Agakiriro ka Gisozi limeungua zaidi ya mara moja, ukiwemo moto wa Agosti 2021, na watu walipoteza mitaji ya miaka. Anayefanya kazi hii chumbani kwake afunge kopo la tina kila amalizapo kulitumia, afungue dirisha, na asiweke mshumaa mezani umeme ukikatika.

Je, wajua kwamba supa gluu, inayoshika vidole vyako kwa sekunde moja, haishiki plastiki laini? Ukitaka kumhamishia askari kichwa cha mwingine, usitegemee gundi peke yake. Kata shingo kwa wembe mpya. Pasha pini moto, toboa kiwiliwili, toboa na kichwa, ingiza kipande cha waya wa shaba uliochomolewa kwenye kebo ya umeme, kisha ndipo utie gundi ya kuziba nafasi. Waya ndio mfupa. Waya huo huo ukipondwa kwa nyundo unakuwa mkanda wa bunduki.

Mkono unaotaka kuuinua? Tumbukiza kisanamu kwenye maji ya moto, pinda, kisha kizamishe mara moja kwenye maji baridi. Baadhi ya plastiki hurudi zilipokuwa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo subiri kabla hujapaka.

Wachongaji wa dunia nzima hutumia puti ya sehemu mbili, moja ya bluu na nyingine ya njano, ambazo zikikandwa pamoja huwa kijani. Unapata muda wa kutosha wa kuchonga kwa sindano iliyoloweshwa maji, na asubuhi imekuwa ngumu. Mahali isipopatikana, epoksi ya kuziba mabomba kutoka duka la vifaa vya ujenzi hufanya kazi karibu ile ile, ila hukauka haraka, na chembe zake ni nene kwa kazi ya uso.

Sasa haraka haraka.

Airfix ya Uingereza ilitoa visanamu vyake vya kwanza vya plastiki mwaka 1959, na la kwanza lilikuwa kundi la bendi ya walinzi wa kifalme, wapiga tarumbeta na ngoma.

Winston Churchill, alipokuwa mtoto, alikuwa na karibu askari 1,500 wa kuchezea, na yeye mwenyewe aliandika kwamba hao ndio waliompeleka chuo cha kijeshi.

Mwandishi H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu kizima cha kanuni za vita vya sakafuni, na ndani yake akaeleza wazi kwamba vita vya kweli ni upumbavu. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza.

Jumba la makumbusho la visanamu vya bati katika ngome ya Plassenburg, mjini Kulmbach, Ujerumani, lina visanamu zaidi ya 300,000.

Rangi za Humbrol zilitokana na kampuni ya mafuta iliyoanzishwa Hull, Uingereza, mwaka 1919.

Brashi zinazosifiwa kuliko zote hutokana na manyoya ya mkia wa mnyama jamii ya kicheche wa Siberia. Ncha yake hubeba rangi nyingi na bado hukaa kali. Brashi ya namba 1 yenye ncha nzuri ni bora kuliko namba 000 isiyobeba rangi, maana tone dogo sana hukauka kabla halijafika kwenye jicho la askari.

Askari wa udongo wa mfalme wa kwanza wa China, waliogunduliwa mwaka 1974, walipakwa rangi kali kabla ya kuzikwa. Walipotolewa ardhini penye unyevu na kukutana na hewa kavu, utando wa chini ya rangi ulijikunja na kubanduka ndani ya dakika chache. Hata miaka 2,200 iliyopita, mpakaji alikuwa akihangaika na kitu kile kile kinachomhangaisha wa leo: kilichopo chini ya rangi.

Britains waliacha kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966, madini hayo yalipoondolewa kwenye vitu vya kuchezea kwa sababu ni sumu. Ukimkuta mmoja kwenye sanduku la babu, mshike, mtazame, kisha unawe mikono. Asiwe wa mtoto mdogo.

Miongoni mwa mamia ya seti za kampuni hiyo ilikuwemo namba 225: askari wa King's African Rifles, yaani KAR. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, kwa risasi na rangi, wakipangwa kwenye mazulia ya watoto wa London. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, kiwanda hicho hicho hakikuchelewa kutoa Wahabeshi.

Tuje nyumbani.

Je, wajua kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji waliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916? Hilo ni jambo ambalo mpakaji wa visanamu wa Kigali anaweza kulifanyia kazi maisha yake yote bila kulimaliza. Jeshi lilikuwa Force Publique kutoka Congo, chini ya Jenerali Charles Tombeur. Brigedi ya kaskazini iliyoteremka upande wa Kigali iliongozwa na Kanali Philippe Molitor. Upande wa Wajerumani, Kapteni Max Wintgens alikuwa na watu wachache mno kuweza kuizuia, akarudi nyuma. Nyanza, makao ya mwami, yaani mfalme wa Rwanda, ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Maofisa walikuwa Wazungu. Karibu wote waliopiga risasi, waliopigwa, na waliobeba, walikuwa Waafrika.

Wapake vipi? Askari wa Kijerumani alivaa kaki, na tarbushi yake ilifunikwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kukinga shingo dhidi ya jua, mbele ikiwa na tai wa chuma. Miguuni aliviringa vitambaa vya rangi ya bluu iliyoiva. Askari wa Force Publique alianza vita akiwa na sare ya bluu, fezi nyekundu na mshipi wa kitambaa kiunoni. Kaki ilimfikia polepole kati ya 1915 na 1917. Hii ina maana kwamba mwaka 1916 kikosi kimoja kinaweza kuwa na mchanganyiko. Usipake watu kumi rangi moja. Kaki iliyofuliwa mtoni mara ishirini si kaki ya jana kutoka stoo, na picha za wakati ule, kwa kuwa hazina rangi, hazitakusaidia kuamua. Utaamua mwenyewe kwa kufikiria jua, jasho na sabuni.

Bunduki nazo zina habari yake. Askari wengi wa Kijerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu jeupe lililomwonyesha mpigaji alipojificha. Ukitengeneza mandhari ya mapigano na pamba ya moshi, weka moshi mzito kwa mwenye bunduki hiyo, na usiweke kabisa kwa mwenye bunduki mpya zaidi. Mtazamaji anayejua atasimama hapo kwa muda mrefu.

Halafu kuna ngozi, na hapa sitapita haraka. Visanamu vingi vya zamani vya Waafrika vilitiwa rangi moja nyeusi inayong'aa, macho meupe mawili, basi. Watu wale walinyimwa uso. Kosa hilo bado linaonekana kwenye meza za wapakaji wazuri kabisa, kwa sababu wamejifunza kupaka ngozi moja tu na nyingine wanaikisia.

Usianze na nyeusi. Anza na kahawia iliyoiva, yenye wekundu kidogo. Kwa kivuli, chini ya taya na kwenye tundu la jicho, ongeza bluu au zambarau, tone tu. Kwa mwanga, kwenye paji, mfupa wa shavu, ukingo wa pua na vifundo vya vidole, ongeza rangi ya udongo mwekundu au chungwa iliyofifia. Nyeupe iache: ikichanganywa na kahawia inaleta kijivu, na mtu anakuwa kama aliyepakwa majivu. Viganja na nyayo ni vyepesi zaidi. Kisha, na hili ndilo linalotenganisha kazi nzuri na kazi ya haraka, badilisha kahawia kwa kila mtu. Simama kituo cha mabasi cha Nyabugogo kwa dakika tano, tazama nyuso zinazopita, na utaona kopo moja la rangi halitoshi.

Je, wajua kwamba Kigali ina sanamu za askari juu ya paa? Kwenye jengo la Bunge, Kimihurura, kuna makumbusho ya kampeni ya kukomesha mauaji ya kimbari, yaliyofunguliwa Desemba 2017. Juu yake wamesimamishwa wapiganaji na bunduki ya mtambo, mahali ambapo askari wa RPA (Rwandan Patriotic Army), kikosi cha watu 600 waliokuwa wamewekwa humo, walijihami mwaka 1994. Ni kazi ya ukubwa wa kweli, inayoeleza jinsi watu walivyokaa, walivyoinama, walivyoshika silaha. Kwa mchongaji mdogo ni darasa la maungo.

Gisozi yenyewe ina Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa Aprili 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Naamini kazi ya visanamu inayofanyika kwenye kilima hiki ina mpaka wake. Vita vya Kwanza, kampeni za karne ya 19, vikosi vya KAR huko Burma, hayo yanaweza kuwekwa mezani na kufundisha. Yaliyotendwa mwaka 1994 si mchezo wa meza wa mtu yeyote, na anayetaka kuyaeleza kwa sanamu ayaeleze pamoja na walionusurika na watunzaji wa kumbukumbu, kwa ruhusa yao na kwa njia yao. Ninaposema askari wadogo, nasema juu ya kutazama watu kwa makini, mmoja mmoja, na pale Gisozi somo hilo tayari limo katika majina na picha za ukutani.

Je, wajua nani hakosekani katika historia ya Vita vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, lakini kwenye meza za wapakaji anaonekana kwa shida? Mpagazi.

Wabelgiji walikuwa na askari wapatao 12,000 katika mashambulizi ya 1916. Wapagazi waliotumiwa na upande wao katika vita vyote wanakadiriwa kufika 260,000. Upande wa Waingereza walikuwa zaidi, na waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Hakukuwa na namna nyingine. Mbung'o waliua farasi na punda, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilipanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Na mtu huyo naye anakula. Anayebeba kilo 25 za chakula na kula kilo 1 kwa siku anaumaliza mzigo wote siku ya 25, hajampa askari hata punje. Jedwali hilo la kutisha ndilo lililoamua jeshi linaweza kwenda umbali gani.

Sanamu kubwa zimewakumbuka kwa kiasi. Mchongaji James Alexander Stevenson ndiye aliyetengeneza askari wa shaba wa Dar es Salaam, aliyezinduliwa mwaka 1927, singe mbele, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann. Mwaka uliofuata Nairobi ikapata ya kwake, na pale kati ya watu watatu wa shaba yumo mpagazi, na maandishi ya chini yamo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Ukipita Kenyatta Avenue mtazame yeye kwanza.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika ukurasa huu. Uchongaji wa Wakamba, unaojaza maduka ya zawadi kuanzia Nairobi hadi Mombasa, husimuliwa kuwa ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza na huko akajifunza kwa wachongaji wa huko. Alirudi na ujuzi akawafundisha wenzake, na baadaye, mwaka 1963, wachongaji wa Mombasa wakaunda ushirika wao. Miongoni mwa vitu Wakamba walivyochonga na kupaka rangi ni askari: wima, fezi nyekundu, kaki, vifungo vimechorwa kwa brashi. Yaani vita vilivyowameza wapagazi ndivyo vilivyoacha Afrika Mashariki na askari wake wadogo wa rangi, waliochongwa na Waafrika, kwa macho ya Waafrika. Sijui kisanamu cha kiwandani kinachoweza kusimama karibu na hao.

Basi mpagazi anatengenezwaje? Tafuta kwenye boksi lako askari aliye katika mwendo, mguu mmoja mbele. Mkate bunduki, mikoba na buti. Buti huondolewa kwa wembe polepole, kidogo kidogo, mpaka mguu mtupu utokee, na vidole huchorwa kwa mikato minne ya ncha ya pini. Mkono mmoja inua ushike mzigo. Mwingine uachie huru, maana anayepanda mlima huuhitaji kwa mizani. Suruali igeuze kwa puti iwe kitambaa kilichofungwa kiunoni, na mikunjo ivutike upande wa fundo.

Kichwani usiweke sanduku moja kwa moja. Weka kata kwanza, ile ingata ambayo kila anayebeba maji Rwanda anaijua: nyuzi mbili za puti zilizosokotwa na kuungwa duara. Wapakaji wengi wa mbali huisahau kwa kuwa hawajawahi kubeba kitu kichwani. Mtu wa Gisozi hawezi kuisahau. Kisha mzigo wenyewe, kipande cha mti mgumu kutoka chini ya meza ya seremala. Wajua kwamba mzigo wa kilo 25 ukipunguzwa kwa 1:72 pande zote tatu unabaki na uzito wa gramu 0.07, sawa na punje tatu hivi za mchele? Shingo ya plastiki haitausikia. Kwa hiyo uzito lazima uonekane mwilini: kidevu kiwe sawa, shingo iwe ngumu, mabega yashuke, magoti yapinde kidogo. Shingo iliyoinama mbele ni kosa. Anayebeba kichwani hainami, anakuwa mrefu.

Paka nyayo na vifundo vya miguu vumbi jepesi zaidi ya ardhi aliyosimama. Kwenye mgongo paka vanishi inayong'aa, mahali pa jasho tu, na kwingine kote vanishi isiyong'aa. Msimu wa mvua acha kila koti likauke siku nzima kabla ya lingine. Hewa yenye unyevu huiletea vanishi ukungu mweupe.

Safu ya wapagazi 1,000, mtu mmoja nyuma ya mwingine kwa nafasi ya mita 2, ilikuwa na urefu wa kilomita 2. Kwa kipimo cha 1:72 ni karibu mita 28. Hakuna meza ya urefu huo. Lakini ukiandaa Mei 1916 juu ya ubao wa mita moja, kwa kila askari mmoja weka wapagazi watatu au wanne, na nafasi ikikosekana, punguza askari.